Mlezi Wangu wa Kazi Amenirudishia Ndizi

Shangazi Benadeta, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, kila gazeti likifika Kayanga naanza na ukurasa wako, na sikuwahi kufikiri kwamba iko siku nitakuandikia mimi, lakini yamenifika shingoni na sina wa kumwambia, kwa sababu hapa nyumbani kila mtu ana ushauri wake na kila ushauri unazidi kunichanganya. Nakuomba kitu kimoja kabla ya yote, ufiche jina langu.

Nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kihanga, nina stashahada ya kilimo, na mwaka juzi chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa kilinichagua mimi pamoja na msichana mmoja wa Nkwenda aitwaye Anonciata tujifunze kazi ya kuonja kahawa, maana chama kinafungua maabara yake ndogo na kinataka mwonjaji wake mwenyewe, mtu wa kuonja kahawa ya kila mkulima kabla haijachanganywa ghalani na kusema hii safi, hii ina kasoro, na nafasi ni moja tu na ni ajira ya kudumu, Shangazi, ajira ya kudumu hapa hapa nyumbani bila kwenda Mwanza kuhangaika. Anayetufundisha ni Mama Speciose wa Ndama. Huyu mama ameonja kahawa kiwandani Bukoba miaka thelathini kabla ya kustaafu, akinusa kikombe anakwambia kahawa ilianikwa kwenye jamvi au ilimwagwa chini kwenye udongo, na mwenyekiti wetu alipotukabidhi kwake alisema, "Huyu sasa ndiye mlezi wenu wa kazi, mshikeni vizuri." Nami nikamshika vizuri.

Mimi nimelelewa, Shangazi. Siku yetu ya kuonja ni Jumatano, na sijawahi kwenda kwa Mama Speciose mikono mitupu hata Jumatano moja. Nimempelekea mikungu ya ndizi, nimempelekea maziwa, msimu wa senene nimempelekea senene waliokwisha kukaangwa, nimemtandazia nyasi kibanja kizima ili migomba yake isikauke, nimemjengea upya ukuta wa jiko uliobomoka kwa mvua. Yeye kila mara anasema, "Asante mwanangu, lakini ndizi ninazo," na ni kweli anazo, nyumba yake imezungukwa na migomba mpaka mlangoni, ila mimi nilijua ndivyo watu wazima wanavyosema, mtu mzima hapokei kwa pupa. Na mezani pia nimejiheshimu. Waonjaji wa kahawa wanavuta kijiko kwa kelele, fyuuu, halafu wanatema kwenye kopo, na Mama mwenyewe anafanya hivyo, lakini mimi siwezi kupiga kelele za mdomo na kutema mbele ya mtu wa umri wa mama yangu, kwa hiyo nachota kidogo, naziba mdomo kwa kiganja, nameza. Siku za vikombe vingi moyo unanidunda mpaka Alhamisi. Tukimaliza anauliza, "Mna maswali?" nami nasema, "Hapana Mama, nimeelewa yote," si kwamba sina, ninayo, nimeyaandika nyuma ya daftari na yamefika arobaini na matatu, lakini nikimuuliza si ataona nasema hakufundisha vizuri?

Sasa huyu Anonciata. Anakuja na daftari na kalamu, basi, hata ndizi moja ya kuchoma hana. Anavuta kijiko kwa kelele kumshinda Mama. Anauliza swali juu ya swali, na mara mbili kwa masikio yangu haya nimemsikia akisema, "Hapana Mama, mimi naona hiki kina moshi," nami nikainamisha kichwa kwa aibu nikijua leo binti wa watu anafukuzwa, lakini Mama akaonja tena, akacheka, akasema, "Kweli kina moshi, hawa wamekausha karibu na jiko," na akampa atumie kijiko chake cha kazi, kile alichotoka nacho kiwandani. Mimi niliyetandaza nyasi kibanja kizima sijawahi hata kukigusa.

Jumatano ya wiki tatu zilizopita Anonciata hakuja, alikuwa na mgonjwa nyumbani, tukabaki Mama na mimi na vikombe vitano vya kahawa iliyotoka kwa wakulima wa Rugera. Kikombe cha tatu kilinuka ukungu. Sikuhitaji hata kuonja, nilipovunja tu utando wa juu kwa kijiko harufu ikanipanda, ile ya gunia lililosahaulika kwenye unyevu, nikameza hivyo hivyo. Mama akaonja, akatema, akasema, "Hiki kizuri. Safi kabisa. Elipidius, wewe unasemaje?" Nikajiambia, maskini Mama, ulimi umezeeka, na mimi ni nani wa kumwaibisha nyumbani kwake? Nikasema, "Ego waitu, ndiyo Mama, safi kabisa, kama ulivyosema." Akauliza, "Una hakika?" Nikasema ninayo. Akauliza tena, "Elipidius, una hakika?" Nikasema, "Mama, ukishasema wewe, mimi nani?" Nikajaza fomu yangu, safi, nikatia saini. Yeye akaandika kwenye daftari lake, akaligeuza kifudifudi, akavua miwani, akasema, "Nenda nyumbani. Usirudi mpaka uwe na kitu cha kuniambia." Nikainuka. Nilipofika mlangoni akaniita jina, nikafurahi nikijua amenisamehe, kumbe ananiita nichukue mkungu wangu. "Na ndizi zako nenda nazo," akasema. Shangazi, nimepita Ndama yote na ule mkungu nyuma ya baiskeli, na kila niliyekutana naye aliniuliza kama ninauza.

Nyumbani wamekaa kikao. Mama yangu anasema zawadi zilikuwa ndogo, Mama Speciose ameudhika muda mrefu na sasa amefika mwisho, dawa ni mbuzi. Baba mdogo Cleophace yeye anasema niachane na mbuzi, niende kwa mwenyekiti nimweleze kwamba Mama Speciose hasikii ladha tena, mimi shahidi, ili neno lake lisihesabiwe, kwa sababu mwisho wa mwezi huu kuna mtihani wa waonjaji na anayekwenda ni yule ambaye Mama atamwandikia kwamba yuko tayari. Mpaka leo hajaniandikia. Bila karatasi yake ajira ndiyo imekwenda, na mwaka mmoja na nusu wangu umekwenda nayo.

Basi naomba unisaidie, mbuzi awe jike au beberu, nimpeleke mwenyewe au nitume wazee wawili watangulie, na kama mbuzi akikataliwa naye, je, niende kwa mwenyekiti?

Ni mimi mwenye fadhaa,
Elipidius, Kihanga

*

SHANGAZI BENADETA ANAJIBU

Elipidius, marahaba.

Tuanze na jina lako. Uliomba nilifiche, halafu ukaliandika mwenyewe ndani ya barua na ukalitia tena chini kama mtu anayesaini cheti. Jumapili nikakupigia simu kwa namba uliyoiacha, nikakuuliza, Elipidius, jina nilifute au libaki? Ukanijibu, "Ego waitu Shangazi, kama unavyoona wewe." Nikakuuliza mara ya pili. Ukasema vile vile. Sasa nimeona libaki, na Karagwe na Kyerwa wote wanalisoma leo. Hayo ndiyo malipo ya kumkubalia kila mtu kila kitu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa nilishindwa. Mbuzi! Mama wa watu amekwambia kwa Kiswahili kilichonyooka urudi ukiwa na kitu cha kumwambia. Cha kumwambia, Elipidius. Hakusema cha kumpa. Nyumba nzima ya Kihanga mmekaa kikao, mmetafakari maneno hayo, mkatoka na mbuzi. Na wewe mwenye stashahada unaniuliza jike au beberu!

Sikiliza. Mimi si mgeni wa mambo ya kwetu. Najua aibu ya kwenda kwa mtu mzima mikono mitupu, najua mtoto aliyelelewa hapingi mkubwa, na sikulaumu kwa kulelewa vizuri. Nakulaumu kwa kujificha nyuma ya malezi hayo mwaka mmoja na nusu. Mama alikuuliza kila Jumatano kama una maswali, yaani alikufungulia mlango kila wiki, na wewe kila wiki ukamwekea mkungu wa ndizi kizingitini ukaondoka. Maswali arobaini na matatu! Unayaotamia yatotoe? Mwalimu aliyetumia miaka thelathini kupata anachokijua hatukanwi na swali. Anatukanwa na mtu anayekaa mbele yake mwaka na nusu bila kutaka kujua.

Na hiyo ya kumeza kahawa badala ya kutema, nilicheka mpaka nikakohoa, halafu nikakasirika tena. Kule kuvuta kwa kelele si utovu wa adabu, ndiyo kazi yenyewe, inaitapanya kahawa mdomoni uipate ladha yote. Seremala akikufundisha kupiga randa utamwambia huwezi kumwangushia maranda sebuleni? Huyo mama amekaa mbele yako akivuta na kutema, amekuonyesha kwa mdomo wake, na wewe ukaamua unajua adabu kuliko yeye.

Sasa tuje kwenye kikombe cha tatu, kwa sababu hapo ndipo kilipo kitu chako cha kumwambia.

Yako mambo mawili tu. Ama Mama Speciose alijua kina ukungu na akasema safi makusudi apate kukuona, na ndiyo maana akakuuliza tena na tena, kama mtu anayeipima hakika yako. Ama ulimi wake kweli umeanza kuchoka, na alikuuliza tena na tena kwa sababu yeye mwenyewe aliona shaka. Mimi sijui ni lipi. Na wewe hujui, daftari lake aliligeuza na hukuuliza ameandika nini. Lakini ona kitu hiki: kwa lolote kati ya hayo mawili, alikuhitaji useme. Kama alikupima, umeanguka. Kama ameanza kupoteza ladha, basi mama mzee aliyekupa Jumatano zake zote aliomba msaada nyumbani kwake, kwa namna pekee ambayo mtu mzima anaweza kuomba, na wewe ukampa "ego waitu". Hilo la pili limenikosesha raha kuliko la kwanza, nakwambia ukweli.

Halafu huyo Cleophace, baba yako mdogo! Elipidius, umeniandikia bila hata kuona haya kwamba huwezi kumwambia Mama Speciose "hiki kina ukungu" mkiwa wawili chumbani, lakini unafikiria kwenda kumwambia mwenyekiti kwamba mama huyo huyo amekwisha. Mbele yake una heshima, nyuma yake una ushahidi. Ukienda kwa mwenyekiti kabla ya kwenda kwake, usiniandikie tena, barua yako nitawashia jiko.

Na wakulima wa Rugera umewasahau kabisa. Umetia saini kwamba kahawa ile ni safi. Ikichanganywa na ya wenzao, ghala zima litanuka, na watu waliochuma na kuanika vizuri watalipa kosa la mmoja kwa sababu kijana fulani aliona aibu. Hiyo ndiyo kazi unayoiomba, mwanangu. Mwonjaji ni mtu wa kusema hapana mbele ya wakubwa, wenye magunia, wenye sauti, wenye undugu. Kama huwezi kumwambia hapana mama anayekupenda, utamwambia nani?

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kuliandika humu. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwahi kupewa kijana wa kulea, mwalimu mpya, Adelard. Alinibebea mkoba miaka miwili. Alinifagilia ofisi. Kila nililosema alikubali, nikisema leo mvua itanyesha anachukua mwavuli wakati jua linawaka. Ulipofika wakati wa kumpendekeza awe mwalimu wa taaluma nikakaa na karatasi asubuhi nzima, sikupata la kuandika. Sikujua anafikiri nini juu ya kitu chochote duniani. Nikaandika kwamba ana adabu, wakampa mwingine. Alilia, na nilimwona. Na mimi, kwa hasira, sikuwahi kumweleza kwa nini, nikastaafu nikiwa nimenyamaza. Mpaka leo nikikutana naye Omurushaka ananipokea kikapu, na ninaona haya.

Mama Speciose amekuwa mwema kuliko mimi. Ndizi zako hakukurudishia kwa chuki. Amekwambia waziwazi kabla mtihani haujafika kwamba hiki unachomletea sicho, na bado kuna muda. Wala hajaandika kwamba hufai. Hajaandika chochote. Anakusubiri.

Kwa sababu pua unayo, na hilo ndilo linalonipandisha mori. Ulikijua kikombe kabla ya kukionja! Wako watu wanaokaa miaka na hawafiki hapo. Umefundishwa vizuri na umeshika vizuri, kisha ukafunga mdomo.

Basi fanya hivi, na usiniulize mara mbili.

Jumanne asubuhi nenda ghalani. Mwambie mtunza ghala kahawa ile ya Rugera isiguswe, omba fomu yako, kata neno "safi", andika "ukungu", tia saini na tarehe. Utaulizwa kwa nini. Sema ulikosea kwa kuogopa. Haitakuua. Omba sampuli ya kahawa hiyo hiyo, konzi moja inatosha, uifunge kwenye karatasi.

Jumatano nenda Ndama. Mama yako atataka ubebe kitu, mwambie Shangazi Benadeta amekataza, anilaumu mimi. Beba ile sampuli na daftari. Shikamoo yako itoe kama kawaida, upige goti ukitaka, akikupa kahawa ya kutafuna pokea utafune, heshima ya kwetu hiyo sijakukataza. Kisha mwambie, "Mama, kikombe cha tatu kilikuwa na ukungu, nilijua, nikanyamaza." Acha hapo. Usimpambe, usimweleze habari za kulelewa kwako. Mwombe mkaange sampuli na kuionja upya wote wawili, na mwombe ruhusa ya kusema wewe kwanza kabla yeye hajafungua mdomo. Mtoto aliyepewa ruhusa ya kusema hampingi mtu, hata Kihanga wanalijua hilo. Kuanzia siku hiyo kila Jumatano uwe wa kwanza kusema, yeye akusahihishe. Na uvute kijiko kwa kelele, na uteme, nikisikia umemeza tena nitakuja mwenyewe.

Ukimkuta ameipata harufu, mshukuru kwa kukupima. Ukimkuta hakuipata, usilie wala usikimbilie kwa mwenyekiti. Kaa naye. Yeye ndiye ataamua la kumwambia mwenyekiti, na ulimi wako umsaidie wake.

Maswali chagua matatu, usimmwagie yote arobaini na matatu, ni mtu mzima. Matatu kila wiki, na wiki inayofuata umweleze umefanya nini na majibu yake. Hayo yanampendeza mlezi kuliko senene. Na Anonciata uliyemsengenya nusu ukurasa, mwombe muwe mnaonja pamoja siku nyingine za wiki. Nafasi ni moja na huenda ataichukua yeye, sikufichi, na akiichukua atakuwa ameipata kwa haki. Lakini maabara hazitaishia moja, na mwonjaji anayejulikana kusema ukweli atatafutwa.

Maagizo haya nilikusomea kwenye simu Jumapili ile ile. Ulisema "ego waitu" mara sita, nilihesabu, kwa hiyo sikuamini, na nakuachia kitu kimoja cha kukusukuma. Gazeti hili linafika Kayanga Alhamisi. Mama Speciose ni msomaji wangu, naye amenisoma humu miaka mingi kuliko wewe. Kufikia Alhamisi mchana atakuwa amevaa miwani yake na kufika kwenye mstari huu, na atajua kila kitu kuhusu kikombe cha tatu.

Kabla ya Alhamisi hii kulikuwa na Jumatano nzima. Mama Speciose, kama unasoma hapa na kijana hajafika, nisamehe, nilijaribu. Kama alifika jana mikono mitupu akakwambia mwenyewe, basi mpe kijiko chako.